MAFUTA YA NAZI KWA NGOZI NA NYWELE

Ngozi yako ina kazi kubwa. Inakinga mwili usiingiwe na vijidudu. Ngozi ikikauka sana hupasuka, na vijidudu hupata njia. Je, mafuta husaidia namna gani?

Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke upesi. Kwa hiyo oga kwanza, jifute kidogo, kisha paka mafuta ngozi ingali na unyevu. Nywele pia zipake kidogo kabla ya kuziosha. Hivyo hazitaharibika upesi.

Huko Tanga, Lindi, Unguja na Pemba minazi ni mingi. Mafuta unaweza kuyatengeneza nyumbani.

Namna ya kutengeneza

1. Chukua nazi zilizokomaa, uzikune.
2. Tia maji ya vuguvugu. Kamua, kisha chuja tui.
3. Chemsha tui kwa moto mdogo huku ukikoroga. Maji yatakwisha na mafuta yatajitenga.
4. Masalia yaliyo chini yakiwa na rangi ya kahawia, epua. Watoto wakae mbali na moto.
5. Mafuta yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi na kikavu. Yatie katika chupa kavu yenye kifuniko.

Namna ya kuyatunza

Mafuta yakiingia maji huchacha upesi. Mwanga na joto pia huyaharibu. Weka chupa mahali penye giza na ubaridi. Usichovye vidole vyenye maji. Mafuta yakinuka vibaya, usiyapake.

Wakati wa baridi, chini ya digrii 24 hivi, mafuta ya nazi huganda. Usiyatupe. Hayajaharibika. Weka chupa katika maji ya vuguvugu, nayo yatayeyuka.

Mafuta si dawa ya kila kitu

Mafuta hayatibu choa wala upele. Nenda zahanati. Mtu akiungua moto, usimpake mafuta. Mmiminie maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa dakika 20. Kisha mpeleke zahanati.

Mafuta ya nazi hayabadili rangi ya ngozi, na hakuna haja ya kuibadili. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Mama mjamzito akizipaka, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika pia.

Sasa wewe unajua kusoma. Kabla ya kutoa fedha yako, soma maandishi ya kopo. Kwa Kiingereza zebaki huitwa MERCURY. Ukiliona neno hilo, usinunue. Kopo lisiloeleza kilichomo, liache dukani.

Maswali

1. Kwa nini tupake mafuta baada ya kuoga?
2. Kwa nini chupa iwe kavu?
3. Mtoto akiungua moto, utafanya nini?
4. Msomee jirani yako maandishi ya kopo la krimu anayotumia. Je, kilichomo kimeelezwa?