Nguvu za Kiume Zikipungua, Pimeni Damu Kabla ya Kulaumiana

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, wavuvi wa ndagala hutoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri. Kwa mwanamume ambaye uume wake umeanza kulegea, kazi hiyo ni kisingizio tosha: nimekesha ziwani, nimechoka. Lakini siku za mbalamwezi samaki hawafuati taa, mitumbwi hupumzika ufukweni na mume hulala nyumbani. Hapo kisingizio huisha. Mke huanza kushuku kwamba kuna mwanamke mwalo wa pili. Mume naye hudhani amerogwa. Ndoa inaingia ubaridi, na hakuna aliyepimwa.

Uume husimama kwa damu. Mtu akipata ashiki, ubongo hutuma ishara kupitia uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Ndani ya uume huzalishwa gesi ya naitriki oksaidi, inayolegeza kuta za mishipa hadi damu ikaingia kwa wingi na kubanwa humo. Mwaka 1998 Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu.

Kwa hiyo kila kinachodhuru mishipa hudhuru tendo la ndoa: shinikizo la damu, sigara, lehemu na unene. Kisukari ni kibaya zaidi, kwa kuwa hushambulia mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja. Utafiti uliofanywa katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaume wana tatizo hili. Pombe nyingi, upungufu wa homoni ya testosteroni, jeraha la uti wa mgongo, upasuaji wa tezi dume na baadhi ya dawa za presha nazo huchangia.

Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Iliyo myembamba huziba kwanza. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuona udhaifu kitandani miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Anayeficha dalili hii anaficha onyo la moyo wake.

Daktari atauliza kama uume husimama wenyewe mtu anapoamka. Mvuvi anayelala mchana ajiangalie saa anayoamka yeye, si lazima iwe alfajiri. Ukisimama usingizini lakini si kwa mke, huenda chanzo kikubwa ni hofu au msongo. Usiposimama kabisa, mwili ndio wa kuchunguzwa kwanza. Mara nyingi mambo hayo mawili huchanganyika: mwili ukishindwa mara moja, woga huingia na kuongeza tatizo.

Tiba zipo, zikiwamo vidonge vya sildenafili. Ila anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya moyo asivimeze kamwe, kwani presha inaweza kuporomoka na kumuua. Unga wa sokoni unaoitwa wa mitishamba nao si salama: katika nchi nyingi, wakaguzi wamekuta sildenafili imefichwa ndani ya bidhaa kama hizo. Na anayeshuku dawa zake za presha asiziache. Amweleze daktari abadilishiwe.

Wake, msijilaumu: hali hii si ushahidi kwamba hampendwi wala kwamba mmezeeka. Lizungumzeni chumbani, si mbele ya wakwe. "Baba watoto, twende tukapime sukari na presha" ni maneno machache yanayoondoa aibu. Nendeni pamoja kwenye kituo cha afya. Mtakuwa mnaitibu ndoa, na huenda mkaokoa moyo.