Nguzo za Mawe za Lothagam

Wasikilizaji wetu, ninyi mkaao Kilosa na Mikumi mmezoea kuwaona wafugaji wakipita na ng'ombe wao. Mwezi huu kambi ipo, mwezi ujao ni majivu matupu. Kwa hiyo watu wengi hudhani kuwa mfugaji hajengi kitu cha kudumu. Basi sikilizeni habari za Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, katika nchi ya Kenya.

Yapata miaka 5,000 iliyopita mvua zilipungua huko, na maji ya ziwa yakarudi nyuma sana. Watu waliozoea kuishi kwa uvuvi wakaanza kufuga. Katika mashaka hayo walijenga jukwaa la mawe, upana wake mita 30 hivi, wakachimba katikati shimo kubwa la kuzikia. Humo walizika kwa mamia ya miaka, maiti wasiopungua 580. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha juu yake nguzo, mfano wa visiki vya ile mikumi iliyoupa mji wa Mikumi jina lake. Nguzo nyingine zilitolewa umbali wa kilomita moja, nao hawakuwa na gari wala reli.

Lakini ajabu kubwa si mawe. Wataalamu waliopachimbua walitoa habari zake mwaka 2018: wazee na watoto, wanaume kwa wanawake, wamelazwa pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Zilikuwamo shanga za mawe ya rangi na pete za meno ya kiboko. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno ya panya zaidi ya 400. Hebu fikirini kazi ya kuwanasa panya hao! Wala haikuonekana dalili ya mfalme.

Katika kisiwa cha Malta, Bahari ya Rum, wakulima wa zama zile walijenga mahekalu ya mawe makubwa. Moja, la Buġibba, sasa limo katika bustani ya hoteli. Kazi kama hizo zilidhaniwa kuwa haziwezekani pasipo mashamba na watawala. Watu wa Lothagam waliziweza.

Karibu na Kalokol zimesimama nguzo nyingine 19. Mwaka 1978 wataalamu wawili walisema zilipangwa kwa kufuata nyota. Waturkana wenyewe husimulia kuwa ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuka mawe.