Kauri, Sinia na Alama za Heri

Katika makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, zipo nguzo zilizopachikwa vyombo vya Kichina. Vipande vya vyombo vya namna hiyo vimefukuliwa kwa wingi Kilwa Kisiwani. Mwalimu wa Bweri, mjini Musoma, anayefundisha historia hii mbali na pwani, hana budi kueleza vyombo hivyo ni vya namna gani. Akisema "sahani za udongo" tu, mwanafunzi wake atafikiria chungu cha nyumbani. Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi zifaazo.

Chungu cha kawaida huchomwa kwa moto wa kuni, na maji huweza kupenya polepole katika kuta zake. Chombo cha Kichina hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na unga wa mawe, kisha huchomwa katika joto la nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Hapo huwa kigumu, hakinywi maji, kikigongwa hulia kama kengele, na kikiwa chembamba hupitisha mwanga. Istilahi yake ni kauri.

Wapo wasemao kwamba neno hilo linatatanisha, kwa kuwa kauri ni pia gamba la baharini, ambalo huko bara lilitumiwa kuwa pambo na hata fedha. Hoja hiyo haina nguvu. Waitalia nao walikiita chombo hiki porcellana, jina la gamba lilo hilo, kwa sababu ya weupe na mng'aro wake, na jina hilo likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Neno sinia halifai hapa. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha chombo "cha China", kama vile mdalasini ulivyobeba jina la nchi iyo hiyo. Lakini leo sinia ni chombo kipana cha kupakulia au kuchukulia chakula, aghalabu cha madini.

Tatizo la pili ni michoro. Sahani nyingi za kale zimechorwa popo. Mfasiri akiandika "sahani yenye popo" amefasiri picha, ameacha maana. Katika Kichina, neno la popo na neno la heri hutamkwa sawa, yaani fu. Mchoraji amechezea sauti, kama malenga wetu anavyoweza kuchezea neno paa. Popo watano ni heri tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na mauti ya amani uzeeni. Samaki naye huashiria ziada, kwa sababu iyo hiyo ya sauti. Na tunda la pichi ni alama ya umri mrefu.

Kwa hiyo twapendekeza "alama za heri", wala si "alama za bahati". Bahati humjia mtu kwa nasibu, nayo huweza kuwa mbaya. Heri ni jambo jema ambalo mtu humtakia mwenziwe.

Jambo hili si la walimu peke yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliwekwa ili kuhifadhi vitu vya kale, na hifadhi huanzia katika daftari. Karani akiandika "sahani kuukuu ya udongo", atakayelisoma daftari hilo baadaye hatakuwa na sababu ya kuitunza. Akiandika "sahani ya kale ya kauri, ya Kichina, yenye alama za heri", ameitambulisha.