Mlo wa Watu wa Kale na Sahani ya Katito

Mlo wa paleo unamtaka mtu ale kama walivyokula binadamu kabla ya kilimo: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na mizizi. Nafaka, maharagwe, maziwa, sukari na vyakula vya viwandani vinakatazwa. Hoja hiyo ilipata uzito mwaka 1985, watafiti Boyd Eaton na Melvin Konner walipoiandika katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, kisha ikaenea kwa kitabu cha Loren Cordain cha mwaka 2002. Mfuasi wake akiingia mkahawa wa Kimeksiko huko Marekani huagiza nyama ya kuchoma, parachichi na pilipili, akaacha wali, maharagwe na ile chapati ya mahindi iitwayo tortilla. Katika hoteli ya Katito, pale Nyakach magharibi mwa Kenya, sharti hilohilo lingemfanya mteja achukue samaki na mboga, aurudishe ugali jikoni. Nao ugali huo ni wa mahindi, zao lililoanza kulimwa huko Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Je, ana sababu ya kuurudisha? Ushahidi unampa sababu ya kuupunguza, si ya kuukana.

Tuanze na pale paleo inaposema kweli. Chai yenye sukari nyingi, mandazi, soda, chipsi na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi ni vitu ambavyo mwili hauhitaji, na anayeviacha hufaidika hata asipojua neno paleo. Vilevile, vyakula ambavyo mlo huu unavisifu havina haja ya kuagizwa kutoka mbali. Katika Ziwa Victoria kuna samaki kama ngege, mbuta, kamongo na mumi. Sokoni kuna mboga za kienyeji kama osuga, dek na apoth, pamoja na parachichi, maembe, viazi vitamu na mayai ya kuku wa kienyeji. Hotelini mtu anaweza kuomba samaki wa kuchoma au wa kuchemshwa kwa nyanya na vitunguu badala ya wa kukaangwa, na mboga sahani mbili. Nyumbani ni rahisi zaidi, kwa kuwa mpishi ndiye mwenye chupa ya mafuta na kopo la chumvi.

Tatizo linaanza mlo huu unapodai kujua kwamba watu wa kale hawakugusa nafaka. Barabara inayochepuka Katito kwenda Kendu Bay na Homa Bay inaelekea rasi ya Homa, mojawapo ya mahali muhimu duniani kwa historia ya chakula cha binadamu. Huko Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kanjera Kusini, kwenye rasi hiyohiyo, yenye umri wa takriban miaka milioni 2, ina mifupa ya swala waliochinjwa. Lakini mikwaruzo kwenye zana za sehemu zote mbili inaonyesha pia kazi ya kukata na kuponda mimea. Baadaye sana, wavuvi wa utamaduni wa Kansyore waliacha marundo ya makombe na mifupa ya samaki kando ya ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Na huko Msumbiji, katika pango la Ngalue, mtafiti Julio Mercader aliripoti mwaka 2009 kuwa zana za miaka kama 100,000 zilikuwa na wanga wa mtama-mwitu. Hivyo hapakuwa na mlo mmoja wa kale. Watu walikula kilichopatikana mahali pao.

Wala mwili haukusimama tangu kilimo kianze. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wafugaji wengi wa Kenya, Tanzania na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kumeng'enya maziwa utu uzimani, na mabadiliko hayo yalitokea katika miaka elfu chache tu iliyopita. Kumkataza maziwa mtu wa jamii inayopika dek kwa maziwa ili kupunguza uchungu wake ni kumnyima kirutubisho bila sababu.

Wapo watakaosema: mbona watu hupungua uzito na sukari ya damu hushuka? Ni kweli kwamba majaribio madogo ya muda mfupi yameonyesha nafuu hiyo. Lakini anayeshika paleo huacha pia soda, keki na unga mweupe, na faida hiyo inaweza kupatikana bila kufukuza mtama na maharagwe, ambavyo vina nyuzinyuzi na vinashibisha kwa bei nafuu. Wengine watasema samaki ni ghali, na mkulima hawezi kushika jembe bila ugali. Wana haki. Ndiyo maana omena, yaani dagaa wa ziwani, inastahili heshima: ni nafuu, huliwa nzima, na ina protini na madini ya chokaa. Ugali nao ubaki, ila uwe mdogo kuliko mboga, na unga uwe usiokobolewa, wa mahindi, mtama au wimbi. Mtama na wimbi ndivyo vilivyolisha Nyanza kabla ya mahindi kutawala katika karne ya 20.

Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo asibadili mlo ghafla bila kumwona mhudumu wa afya, na dawa asiziache. Wengine wote waanze na sahani ya leo: nusu iwe mboga za kienyeji, robo samaki, robo ugali wa unga usiokobolewa, na kinywaji kiwe maji. Mlo huo unapatikana Katito, na ushahidi uko upande wake zaidi kuliko ulivyo upande wa paleo.