Warsha ya Mustakabali Si Kupiga Ramli



Mwezi wa Shaaban uliopita, walimu na wazazi tulikaa siku nzima kutafakari miaka mitano ijayo ya madrasa yetu. Habari zilipoenea, baadhi ya wazee walituuliza: je, kuzungumzia ya kesho namna hii si kupiga ramli? Swali ni la haki, na tumeona tulijibu hapa.

Ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Mpiga ramli hudai kuwa anajua litakalotokea. Warsha hii huanza kwa kukiri kwamba hatujui, na ndiyo maana haichori picha moja ya kesho bali tatu au nne, kisha watu hujiuliza: likija hili, tutafanya nini?

Mfano mashuhuri ni wa Afrika Kusini. Nelson Mandela alitoka kifungoni mwaka 1990, lakini uchaguzi wa watu wote ulikuwa bado, na damu ilikuwa ikimwagika. Mwaka 1991 watu 22, weusi kwa weupe, wakiwemo wanasiasa wa pande zilizopingana, wachumi na wafanyabiashara, walianza kukutana Mont Fleur, karibu na Stellenbosch. Mwezeshaji wao alikuwa Adam Kahane wa kampuni ya mafuta ya Shell, iliyokuwa ikipanga mambo yake kwa njia hii tangu miaka ya 1970.

Lililotuvutia zaidi ni sharti lake. Hakuna kusema "mimi nataka iwe hivi". Sema linaloweza kutokea. Mwenzako akisimulia, usimwambie "huo upuuzi". Muulize tu: kwa nini litokee, na baada ya hapo kitafuata nini? Mmoja alisimulia kwamba jeshi la China lingekuja kuwasaidia wapigania uhuru. Akaulizwa maswali yale yale, hadithi ikakosa miguu, ikaachwa.

Mwishowe zilibaki hadithi nne. Mbuni: serikali ya weupe inaficha kichwa mchangani na kukataa mapatano ya kweli. Bata Kilema: mapatano yanapatikana, ila serikali ya mpito imefungwa mikono. Icarus, yule kijana wa ngano za Kigiriki aliyeruka karibu na jua mpaka nta ya mbawa zake ikayeyuka: serikali mpya inatumia fedha kupita uwezo wake, uchumi unaanguka. Na Flamingo, ndege wanaopaa polepole lakini pamoja. Hadithi hizo zilichapishwa gazetini mwaka 1992. Hatusemi kwamba ndizo zilizoiokoa nchi ile. Lakini mshiriki mmojawapo, Trevor Manuel, alikuja kuwa waziri wa fedha kuanzia 1996 hadi 2009, na tahadhari ya Icarus alikuwa ameisikia mapema.

Sisi uwezeshaji tulimpa mzazi asiye mjumbe wa kamati, kwa kuwa mkuu akiongoza, wadogo hunyamaza. Kila mtu aliandika kwenye kikaratasi, bila jina, jambo linaloweza kuigeuza madrasa. Tulivibandika ukutani na kuvipanga. Mawili yalijirudia: mfadhili ataendelea au ataacha? Watoto wataendelea kuja jioni, au masomo ya ziada ya shule yatawabana? Ukiyakutanisha hayo mawili unapata pembe nne, na kila kundi lilipewa pembe moja lisimulie mpaka mwaka wa tano.

Kundi la pembe mbaya kuliko zote, mfadhili hayupo na watoto hawaji, lilikaa kimya muda mrefu. Kisha mama mmoja mtu mzima akauliza: "Kwani walimu, posho zenu hutoka wapi?" Ndipo tulipogundua kwamba wazazi wengi hawakujua kuwa zinatoka kwa mtu mmoja tu. Nasi hatukuwahi kuwaambia, tukiona haya.

Saa ya mwisho tulitafuta hatua zitakazofaa katika pembe zote nne. Mchango mdogo wa kila mwezi ulianza Shawwal, na daftari lake liko wazi kwa kila mzazi. Darasa la Jumamosi asubuhi nalo limeanza, ingawa mahudhurio bado hayajatulia.

Wanafunzi wawili wa darasa la juu wametuuliza kwa nini wao hawakuitwa. Kosa ni letu. Warsha ijayo wataitwa, in shaa Allah, na vikaratasi watapewa kama watu wazima.