Mgeni Anayepanda Kichwani: Ryangombe na Watu Wake wa Kinyaga

Kinyarwanda kina neno moja linalobeba watu wawili: imandwa. Imandwa ni shujaa wa kale aliyekwisha kufa lakini bado huja kwa walio hai. Imandwa ni huyohuyo pia mkulima aliye hai, mwenye mgomba na watoto, ambaye shujaa humjia akasema kwa kinywa chake. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha. Anayesikia neno hilo peke yake hawezi kujua kama anatajiwa aliyekufa au aliyeketi mbele yake, na kwa muda wa ibada swali hilo halina maana, kwa sababu wote wawili wamo katika mwili mmoja.

Siku hizi vijana wa Afrika Mashariki hukutana na wazo la namna hiyo kwenye katuni za Kijapani. Wengi wanamfahamu Yugi Mutou, mwanafunzi mpole aliyebuniwa na mchoraji Kazuki Takahashi mwaka 1996, ambaye mwilini mwake anaishi pia farao wa Misri ya kale. Wawili wanafanana sura, wanapokezana mwili, wanashauriana. Watazamaji huona ni wazo geni kutoka mbali. Lakini kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, mahali Ziwa Kivu linapomimina maji yake katika Mto Rusizi, watu walikuwa wakiishi na wazo linalokaribiana na hilo karne nyingi kabla ya mchoraji huyo kushika kalamu.

Kona hiyo leo inaitwa Wilaya ya Rusizi, jina lililokuja na mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Jina la Cyangugu halijafa: linatumiwa na jimbo Katoliki lililoanzishwa mwaka 1981, na limo midomoni mwa watu wa Kamembe na wa Bukavu, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mto. Zamani zaidi nchi hii iliitwa Kinyaga. Ilikuwa mbali na ikulu ya wafalme wa Rwanda na karibu na majirani wa magharibi, na ukaribu huo unasikika mpaka leo. Kisiwani Nkombo wenyeji wanazungumza Kihavu, na Kiswahili kinavuka daraja kila asubuhi pamoja na wachuuzi.

Shujaa wa kale naye alikuwa akivuka. Wanyarwanda wanamwita Ryangombe. Bashi na Bahavu wa Kivu humwita Lyangombe. Ukiufuata mto kuteremka hadi bonde la Bugarama, nchi tatu zinapokutana, umeshafika kwa Warundi, nao humwita Kiranga. Endelea mashariki hadi Unyamwezi, utamkuta kwenye chama cha Baswezi. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliifuatilia ibada hii katika falme za Maziwa Makuu na kuihusisha na Bachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa Bunyoro. Mipaka iliyochorwa na Wajerumani na Wabelgiji ilikuja baadaye sana.

Ryangombe ni nani? Kwanza kabisa ni mhusika wa hadithi, tena hadithi tamu. Alikuwa mwana wa Babinga, mwindaji hodari, mpenda pombe, mpenda wanawake na mpenda igisoro, yaani bao. Uongozi wa imandwa ulikuwa na mpinzani, Mpumutumucuni, na inasimuliwa kwamba wawili hao waliuchezea bao. Ryangombe alikuwa anashindwa. Ndipo akatokea Binego, mwanawe aliyekulia kwa mama yake, kijana mkali asiyeogopa kumwaga damu, akamwokoa baba na kummaliza mpinzani. Msikilizaji anaona hapo hapo kwamba hawa si malaika. Ni watu wenye hasira, wivu na ucheshi, kama majirani.

Halafu kikaja kifo. Mama yake Ryangombe aliota ndoto mbaya akamsihi asiende kuwinda siku hiyo. Ryangombe hakusikia. Porini akakutana na mwanamke wa ajabu, mwanamke akageuka nyati, nyati akamrusha kwa pembe hadi kwenye mti wa umuko wenye maua mekundu. Masimulizi yanatofautiana kuhusu mambo mengi, lakini nyati na mti huo havikosekani. Wenzake wakamfuata katika mauti. Kabla ya kukata roho aliacha agizo kwamba watu wamwite na kumheshimu: Mhutu, Mtutsi na Mtwa, wote bila kubaguana. Makao yake yakawa Karisimbi, mlima wa mita 4,507, ambako waliomkubali wataungana naye baada ya kufa. Wasiompokea waliambiwa wataishia Nyiragongo, mlima wenye moto ndani yake.

Agizo lile la makundi yote matatu ni jambo la kutua nalo kidogo. Katika jamii iliyokuwa na ngazi za cheo na za ng'ombe, hapa palikuwa na mlango mmoja ambao kila mtu angeweza kuupita. Mtumishi angeweza kujiwa na mfalme wa imandwa, na mwenye ng'ombe wengi akalazimika kumsalimu kwa heshima. Mwanamke aliyejiwa na shujaa wa kiume alitendewa kama mwanamume kwa muda huo. Ibada haikuifuta ngazi ile, wala haikuweza kuizuia damu iliyomwagika Rwanda katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Kinyaga ikiwemo. Hata hivyo ni vema kukumbuka kwamba wazo la umoja lilikuwa na nyumba humu humu nchini, wala halikuletwa na meli.

Ibada yenyewe huitwa kubandwa, kitenzi chenye maana ya kukandamizwa, kushikwa na kitu kizito kutoka juu. Kwa kawaida ilifanyika nyumbani, ndani ya rugo, yaani boma la familia, si katika hekalu. Chanzo kilikuwa shida: mtoto anaugua, mke hapati mimba, ng'ombe wanakufa, mpiga ramli anasema imandwa wanadai haki yao. Mwanafamilia akatolewa aingizwe. Alipewa baba na mama wa kiibada, akatishwa, akatukanwa, akajaribiwa, akapakwa chokaa nyeupe, akafundishwa maneno ya siri ambayo inzigo, yaani mtu asiyeingizwa, hapaswi kuyasikia. Hatua hiyo ya kwanza iliitwa kwatura. Baadaye, mwenye uwezo aliingia hatua ya pili, gusubizwaho, ndipo akawa imandwa kamili.

Kuanzia hapo mwili wake ulikuwa na mgeni. Siku ya ibada pombe ya mtama au ya ndizi inaletwa, nyimbo zinaanza, na mtu uliyemjua jana anabadilika. Aliyejiwa na Binego anakuwa mkali na kutisha watu. Aliyejiwa na Ryangombe anaketi kama mkuu, anaombwa, anajibu, anabariki, anaagiza pombe. Yupo Mugasa, bwana wa maji, ambaye Wahaya humjua kama Mugasha na Waganda kama Mukasa. Kila mmoja ana sauti yake, mwendo wake, vitu avipendavyo na majina yake ya sifa. Waliohudhuria hawamwiti tena jirani yao kwa jina lake. Wanazungumza na shujaa.

Hapa pana jambo lililowashangaza wataalamu waliochunguza ibada ya Rwanda, akiwemo Mbelgiji Luc de Heusch aliyeiandikia makala mwaka 1964. Mara nyingi hapakuwa na kuzimia wala kupagawa kwa kutupa viungo huku na huku. Ilifanana zaidi na mchezo wa kuigiza unaochezwa na watu waliokwishafundishwa sehemu zao. Je, basi ilikuwa uongo? Swali hilo ni la mtu wa nje. Mwenyeji hakuona mgongano kati ya kuigiza na kujiwa. Shujaa wa hadithi hana mwili, na ili aje lazima mtu amwazime wake, pamoja na ulimi, mikono na kumbukumbu ya jinsi anavyotembea. Aliyeujua mwendo wa Binego barabara ndiye aliyempa Binego nafasi ya kuja.

Watu wa Pwani watalielewa hili haraka, kwa kuwa Kiswahili kina msamiati wake ulio wazi kabisa. Pepo hupanda kichwani. Mtu anayepandwa huitwa kiti. Neno hilo moja linaeleza mengi: kiti ni cha kukaliwa, na mwenye kukikalia si kiti. Unguja wapo pepo wa aina nyingi, na miongoni mwao kibuki, waliotoka Bukini, yaani Madagaska, wanaosemekana kuwa Wakristo wenye kupenda brandi. Hivyo mwanamke Mwislamu mwenye kushika dini yake anaweza kuwa kiti cha mwanamume Mkristo wa Kibuki. Pepo akishuka, mwanamke hurudi kwenye swala zake, na hakuna anayemlaumu kwa kinywaji kilichonywewa na mwingine. Huko Madagaska kwenyewe, Wasakalava wana tromba: wafalme wao waliokufa huja vichwani mwa watu, kila mmoja na mavazi ya zama zake, na raia huja kuwauliza ushauri.

Fundi wa pepo, anapoitwa kwa mgonjwa, humtaka pepo aseme kwanza yeye ni nani. Asiyetajwa jina anasumbua tu. Akishajitaja, anaweza kuulizwa anataka nini, akapewa, akaahidiana na kiti chake siku za kuja na siku za kukaa mbali. Ajabu ni kwamba Takahashi, aliyekulia Japani, alifika penye fundo hilo hilo. Farao wake amesahau jina lake, na kwa sababu hiyo amekwama ndani ya kijana. Hadithi nzima inaelekea kwenye siku atakapolipata, Atem, na akishalipata anaagana na Yugi na kwenda zake. Katuni ilikwisha mwaka 2004, na waliokuwa wakiifuatilia walilia kama watu wanaosindikiza msiba.

Tofauti nayo ipo na inafaa isemwe: kujiwa si kuzaliwa upya. Imandwa wa Kinyaga hakudai kwamba yeye ndiye aliyekuwa Ryangombe katika maisha ya kwanza. Ryangombe ni mwingine, ametoka Karisimbi, na akimaliza anarudi. Ukitaka wazo la mtu wa kale anayezaliwa upya kwa mtoto, utalikaribia zaidi Kenya. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mama anaweza kumbembeleza mwanawe mchanga kwa kumwita "baba", akiwa na maana yake kamili. Wajaluo nao husimulia juu ya mtoto anayelia bila kukoma mpaka jina la marehemu anayetaka kukumbukwa litajwe. Hapo aliyepita haji kutembea. Amekuja kukaa, na kijana hukua akiwa na mwenzake ndani ya jina.

Wamisionari wa Kizungu walipofika Rwanda mwaka 1900 walimwona Ryangombe kuwa mshindani. Mwaka 1903 walifungua misheni ya Mibirizi, hapo hapo Kinyaga. Kujiunga na kanisa kulimaanisha kuwaacha imandwa, na waliofanya ibada walianza kujificha. Inauma kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua iliandikwa na mapadre waliotaka ibada hiyo ife. Padre Alexandre Arnoux alichapisha maelezo marefu kuhusu imandwa katika jarida la Anthropos mwaka 1912 na 1913, na bila kazi yake mengi yangepotea. Baadaye Mnyarwanda mwenyewe, Askofu Aloys Bigirumwami wa Nyundo, alikusanya mila na desturi za nchi yake kwa Kinyarwanda, kwa jicho la mtoto wa nyumbani. Ni kazi inayostahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa sasa.

Kamembe nayo ina sura yake katika kisa hiki. Novemba 1931 Wabelgiji walimvua ufalme Yuhi wa Tano Musinga, aliyekuwa amekataa katakata kubatizwa, wakampeleka uhamishoni huko Kamembe pamoja na mama yake, Kanjogera. Mfalme aliyegoma kuziacha njia za wazee alikaa miaka karibu 9 juu ya ziwa hili, mpaka mwaka 1940 alipovushwa hadi Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa, aliyewekwa mahali pake, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Nchi iliyokuwa imemwita Ryangombe mfalme wa imandwa ilipewa hadharani mfalme mwingine wa rohoni.

Umuko bado unaota kwenye vilima vya Rwanda, mti wa kimo cha wastani wenye gome la magamba na maua mekundu kama makaa, ambayo mara nyingi huchanua matawi yakiwa hayana majani. Watu huukata kwa dawa na kuupanda kwenye ua. Nao, kama imandwa, una maisha mawili: kila siku ni umuko, na siku ya ibada, Ryangombe anapoitwa chini yake, jina lake ni umurinzi, mlinzi.