Mji wa Kale Wataka Lenzi Ndogo

Anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kutoka upande wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huikuta Ndia Kuu, na pembeni yake vichochoro ambamo wapita njia wawili hupishana kwa kupeana nafasi. Juu zimetokeza roshani za mbao, chini kuna mabaraza na milango ya nakshi. Wapiga picha wengi huja hapa na lenzi nzito za kuvuta mbali, wakiamini kuwa lenzi kubwa ndiyo picha nzuri. Ukweli ni kinyume. Mitaa hii yafaa lenzi ndogo za zamani, zile za kamera za kupima umbali kama Leica, na sababu kuu si urembo wake. Lenzi hizo humlazimu mpiga picha kuwasogelea watu, na anayewasogelea watu hana budi kupiga hodi.

Udogo wa lenzi hizo una sababu ya kiufundi. Kamera ya kupima umbali haina kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi, hivyo waliobuni lenzi waliweza kuvisogeza vioo vyake hadi karibu kabisa na filamu. Katika kamera yenye kioo cha kuakisi nafasi hiyo haipo, na lenzi pana hulazimika kurefushwa na kuongezewa vioo. Ndiyo maana Summicron ya Leica ya milimita 35 iliyotoka mwaka 1958 ina uzito wa gramu 150 hivi na huenea kiganjani, na Jupiter-12 ya Kisovieti, iliyofuata muundo wa Biogon ya Zeiss, ina kioo cha nyuma kinachochomoza hadi ndani ya kamera. Ili kupima umbali, mpiga picha huchungulia kidirishani, akaona taswira mbili za kitu kimoja, kisha akazungusha pete ya lenzi mpaka zikawa moja.

Tuipime hoja hii kwa mitaa yenyewe. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, lenzi ya milimita 35 huchukua eneo lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2: mzee aliyeketi barazani na sehemu kubwa ya mlango ulio kando yake. Kupata eneo hilohilo kwa lenzi ya milimita 200 yakupasa urudi nyuma karibu mita 17, na katika kichochoro mgongo utagota ukuta wa mkabala kabla hujafika. Isitoshe, lenzi hizi zimechorwa vipimo vya umbali. Weka tundu la kupitishia mwanga kwenye f/8 na umbali kwenye mita 3, na kila kilicho kati ya takribani mita 2 na mita 7 kitatoka wazi bila kuigusa pete tena. Macho yanabaki kwa mtu unayemwamkia.

Watakuwapo watakaosema kuwa kamera ndogo ndiyo chombo cha mwizi wa picha. Pingamizi hilo lina uzito, hasa Pwani, ambako stara na faragha ya nyumba ni mambo ya heshima. Mwanaanthropolojia Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013, ameeleza kwa kina mashaka hayo juu ya kamera. Lakini wizi hustawi kwa umbali. Kwa mita 2 mtu anakuona, anakusikia, na anaweza kukukatalia. Mombasa pia ina urithi wa picha za ridhaa: katika studio ya N. V. Parekh, miaka ya 1960 na 1970, watu walikwenda wenyewe, wamevaa walichopenda, wapigwe wanavyotaka kuonekana.

Wengine watataja uzee wa lenzi, na hapo wana haki. Unyevu wa kisiwa huotesha kuvu kati ya vioo, na jua la saa sita likigonga kuta za chokaa hufifisha picha. Dawa zipo: mkebe usiopitisha hewa wenye vipakiti vya silika, kikinga mwanga mbele ya lenzi, na kutoka asubuhi au alasiri. Kuhusu gharama, Leica ni ghali kweli, lakini Jupiter na Industar za Kisovieti ni nafuu zaidi, na kwa adapta hukaa kwenye kamera nyingi za kidijitali zisizo na kioo cha kuakisi. Simu nayo hupiga picha nzuri, ila hukuamulia karibu kila kitu. Lenzi hizi hukufundisha kukadiria umbali na mwanga kwa jicho lako.

Kijana wa Mombasa anayeweka akiba ya kununua lenzi ya kuvuta mbali kwa ajili ya Mji wa Kale na aizuie kwanza fedha yake. Atafute lenzi ndogo kuukuu, aimulike kwa tochi kuhakikisha haina kuvu, aingie Ndia Kuu, atoe salamu, aombe ruhusa, ndipo apige picha. Na akikataliwa, ashukuru na kupita.